Shemeji Alipita Ukutani

Shemeji yangu aliingia kwa kupita ukutani, na balaa lote la asubuhi ile lilianzia hapo.

Ukuta wenyewe ulikuwa utepe mwekundu uliobandikwa sakafuni. Katika chumba chetu cha mazoezi, kabla mbao hazijakatwa wala turubai halijapakwa rangi, nyumba ya mchezo huchorwa chini kwa utepe: hapa sebule, hapa chumba cha mama mkwe, hapa jiko. Pale utepe unapokatika ndipo mlango. Na sheria ya jumba letu la maonyesho, iliyowekwa na mwalimu aliyelianzisha, ni kwamba utepe haurukwi. Hata anayefagia huingia na ufagio wake kwa mlangoni. Mwigizaji akizoea kupita ukutani siku za mazoezi, siku ya watu atapita vilevile, na siku hiyo ukuta utakuwa wa plaiwudi, na pua itakuwa yake.

Shemeji hayo hakuyajua. Yeye ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mpima ardhi mstaafu, mtu aliyezeeka akiingia mashamba ya watu bila kupiga hodi. Alikanyaga utepe, akakatiza chumba cha mama mkwe, akasimama katikati ya sebule, kofia mkononi. Binti yangu alikuwa nyuma yake, bado kavaa sare yake ya uuguzi. Waigizaji walikuwa wameshuka kunywa chai. Tulikuwa wawili tu mle ndani, mimi kwenye cherehani yangu dirishani, na Fundi, mjenzi wa nyumba zetu za jukwaani.

Fundi alikuwa amepiga magoti kule jikoni, futi ya kupimia mkononi, kipande cha utepe kati ya meno. Hakuinua kichwa. Alisikia viatu tu.

"Umepita ukutani, bwana," alisema. "Rudi uingie kwa mlangoni kama watu."

Nilitaka kukohoa ili nimzuie. Kikohozi kilinikatalia.

"Unaniambia mimi?" shemeji aliuliza.

Hapo Fundi akainua macho. Akamwona mzee, akamwona binti yangu, akanitazama mimi, na uso ukamshuka kama pazia lililokatika kamba. Alisimama kwenda kumsalimia. Sasa mtu mwingine angepiga hatua moja tu, akampa mzee mkono. Fundi hakuweza. Miguu yake imejenga nyumba za utepe tangu ujana wake. Ilimpeleka hadi kwenye mlango wa jiko, ikamzungusha koridoni, ikamwingiza sebuleni kupitia mlango wa mbele. Muda wote huo shemeji alikuwa amenyoosha mkono hewani, anangoja.

"Shikamoo, mzee," Fundi alisema alipofika.

Shemeji aliurudisha mkono wake mfukoni. "Huyu ananifanyia mzaha?" aliniuliza mimi.

"Hapana, shemeji. Ndivyo tunavyotembea humu."

"Mnazunguka utepe?"

"Wewe umepiga mipaka maisha yako yote, shemeji. Mtu akikanyaga mpaka wako ulikuwa unafurahi?"

Binti yangu aliinamisha kichwa haraka. Namjua, alikuwa anaficha kicheko, na alikuwa hataki kucheka.

Nieleze walifuata nini. Fundi alikuwa ameniomba nimkubali awe mume wangu. Aliniomba mchana, tumebeba mlango mpya kuupeleka jukwaani, yeye mbele, mimi nyuma, kwa sababu vijana walikuwa wanapaka rangi. Alisema bila kugeuka, "Mama Sindano, mimi ningependa tuzeeke pamoja." Mlango ulikuwa mzito, na neno lile likauongezea uzito. Nikamwambia, "Tutue kwanza." Tukatua. Alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi, na macho yake, ambayo siku zote yanapima kila kitu, yalikuwa hayapimi chochote. Yalikuwa yananingoja tu.

Nilimwambia anipe nafasi nizungumze na wangu. Sikutaka kuingia kwenye ndoa kama mwizi anayepita dirishani. Nikapiga magoti kwangu, nikamwomba Mungu: kama jambo hili si lako, liondoe moyoni mwangu mapema, kabla sijaaibika. Nikaomba hivyo siku baada ya siku. Halikuondoka. Kila asubuhi lilikuwa palepale, limetulia kama mtu aliyekwisha kunawa mikono anasubiri chakula. Ndipo nikamweleza binti yangu. Alikwenda kwa baba yake mkubwa, na sasa walikuwa hapa, bila taarifa, wamesimama kwenye sebule isiyo na kuta.

Niliweka chini gauni la mama mkwe wa mchezo nililokuwa napinda. "Karibuni. Kaeni."

"Sikuja kukaa," shemeji alisema. "Nimekuja kuona kwa macho yangu. Nimesikia mjane wa ndugu yangu anataka kuolewa na fundi wa maigizo. Nikasema, watu wana midomo. Kumbe." Alimtazama Fundi kuanzia kandambili hadi nyusi. "Unajenga nini wewe?"

"Nyumba, mzee. Za mchezo."

"Zina nyuma?"

"Nyuma huwa ni mihimili, mzee, na mifuko ya mchanga."

"Kwa hiyo hazina. Na mchezo ukiisha?"

"Tunazivunja. Mbao tunatengenezea mchezo mwingine."

Shemeji alinigeukia kama mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia mwenyewe? Mwanamume anayejenga nyumba zisizo na nyuma, halafu anazivunja. Huyo ndiye wa kukuweka wewe?"

Fundi alimjibu. Si mtu wa maneno mengi. "Mzee, mlango wa nyumbani kwako ukikwama, unausukuma kwa bega na maisha yanaendelea. Mlango wangu ukikwama, watu wameshakaa kimya wanatazama. Kwa hiyo haukwami. Ni hilo tu ninaloweza kujisifia."

Moyo wangu ulimpenda sana dakika ile. Nikajikaza nisioneshe.

"Shemeji," shemeji aliniambia, sasa kwa upole, na upole wake ndio mbaya. "Mumeo alikuwa mtu wa heshima. Huku ni kwa watu wa kujifanya. Leo mfalme, kesho kichaa. Chumba kipo nyumbani kwangu. Kina dirisha. Mke wangu amekitandika. Njoo ukae na wenzako, usali, upumzike."

"Chumba hicho nakijua. Mama yenu alikaa humo mpaka akawa anaomba ruhusa ya kufungua hilo dirisha."

"Usimwingize mama."

"Simwingizi. Nilimpenda, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia."

Nikaendelea, maana jumba hili nalo ni haki yangu kulisemea. Nilimwambia kwamba pale tulipokuwa tumesimama palikuwa ghala la ngozi, na mvua ikinyesha harufu bado inapanda ukutani kutukumbusha. Zamani michezo ilikuwa inatoka mji mkubwa. Waigizaji walikuja jioni wamechoka, wakacheza huku wanatazama saa, wakarudi kwao, na katika mchezo mzima hapakuwa na mtu hata mmoja anayefanana na sisi. Mwalimu yule na wenzake wakachoka kuletewa. Wakasema tutatengeneza wenyewe. Tangu hapo kila kinachoonekana jukwaani kimetoka humuhumu: maneno yameandikwa chumba cha chini, mbao zimekatwa uani, maleba, yaani nguo za kuigizia, zimeshonwa dirishani hapa. Tukimaliza kuonesha nyumbani tunapakia lori, tunawapelekea watu wa miji midogo ambako hakuna mwingine anayekwenda.

"Mimi niliitwa kupinda pazia," nilisema. "Nilikuwa nimekaa na msiba mpaka nikaanza kufanana nao. Nikapinda pazia, wakaniletea shati, nikashona shati. Hakuna aliyenipa pole. Waliniuliza tu kama kola inaweza kusimama zaidi. Shemeji, hujui jinsi swali lile lilivyonifufua."

"Na koti, Mama?"

Aliyeuliza ni binti yangu. Alikuwa hajasema neno tangu waingie. Ana sauti ya baba yake, ile ya chini, inayowafanya watu wasogee ili wasikie.

"Koti gani, mwanangu?"

"Nilikuja kuona ule mchezo wa mlinzi wa reli. Sikukwambia nakuja, nilitaka kukushtua. Nikakaa nyuma kule. Pazia likafunguka, nikamwona baba anavuka jukwaa." Alishika kamba ya mkoba wake kwa mikono miwili. "Koti la kahawia. Kiraka kwenye kiwiko, ulichoshona wewe. Halafu mtu mmoja akamwagia chai, na ukumbi wote ukacheka. Nikatoka. Nilipanda basi nikarudi zamu. Tangu siku hiyo najiuliza kama mama yangu amemtoa baba sadaka kwa watu wa kumcheka, atashindwaje kumtoa kabisa."

Hata shemeji aligeuza uso. Nikaelewa kwamba sijapambana na yeye kabisa asubuhi ile. Huyu ndiye aliyekuwa mbele yangu, na huyu nikimpoteza, sitakuwa na cha kujivunia hata nikiolewa mara kumi.

Sikukimbilia kumkumbatia. Mtoto mwenye uchungu ukimkumbatia mapema anahisi umemziba mdomo.

"Niliyelileta ni mimi," nilisema. "Hakuna aliyeniomba. Lilikuwa kabatini, nondo wameshaanza kulila begani. Nikaona nichague: liliwe gizani, au litembee kwenye mwanga. Unakumbuka baba yako alivyokuwa akiinua bega moja akitembea?"

"La kushoto."

"La kushoto. Basi koti lilikuwa limelishika bega lile. Yule kijana aliyelivaa hakufundishwa. Akilivaa tu, bega linainuka lenyewe. Mimi nilikuwa nakaa pembeni ya jukwaa na sindano yangu kila jioni, naliona linavuka. Mwanzoni nililia. Baadaye nikawa natazama tu. Walipoicheka chai, mwanangu, walikuwa wanamcheka mlinzi wa reli. Baba yako alikuwa salama. Mimi nilikuwa palepale namtazama."

Machozi yalimtiririka, hakuyafuta.

"Na kuna jingine, nalo hukulijua," niliendelea. "Mchezo ule tuliusafirisha. Tukafika mji mmoja wa milimani, kijana akashikwa na homa. Watu wameshajaa. Mtu pekee mwingine aliyekuwa na maneno kichwani ni Fundi, kwa kukaa nyuma ya turubai na kuyasikia kila siku. Mwongozaji wetu akamtupia koti, akamwambia vaa, ingia. Fundi akalikunja vizuri, akanirudishia. Akasema, 'Hili silivai. Lina mwenyewe.' Akaingia na shati. Kwenye mchezo ni usiku wa baridi, na ule mji ni baridi kweli. Watu wakasifu, wakasema yule mzee anajua kutetemeka."

"Sikuwa naigiza," Fundi alisema polepole.

Binti yangu alimgeukia. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kumtazama usoni. "Kwa nini hukulivaa?"

Fundi aliuvingirisha ule utepe vidoleni. "Nilikuwa namwona mama yako kila jioni kabla hajampa kijana. Analinyoosha bega, analigusa kiraka, ndipo analiachia. Nikajua kama nikilivaa, sitaweza tena kumtazama usoni. Na mimi nilikuwa nataka kuendelea kumtazama."

Alipotambua alichosema mbele ya mzee, masikio yakamwiva. Wakati ule wa milimani hakuwa ameniomba lolote. Lakini mimi tangu jioni ile, nikisikia nyundo uani, najua ni yake hata wakipiga wengine watatu.

"Maneno mazuri," shemeji alisema. "Lakini si humu ndimo yanamotengenezwa?"

Lile lilimkata Fundi. Nililiona likiingia.

"Wewe tupishe," shemeji alimwambia. "Haya ni ya familia."

Fundi alinitazama kwanza. Nikamwashiria kwa macho aende. Akatoka, na nikasikia ngazi zikilia chini yake hadi kimya.

Nikamvutia shemeji kiti. "Kaa, shemeji. Nitasema mara moja, na sitaki useme baadaye kwamba nilizungumza nawe ukiwa umesimama."

Akakaa.

"Nimemzika ndugu yako kwa heshima. Nimekaa na ujane wangu. Nimelea mtoto wake mpaka anahudumia wagonjwa wa watu. Kuna siku umesikia jina langu barabarani?"

"Sijasikia."

"Basi lisikie hapa, kwa mdomo wangu. Ninaolewa. Sitajificha, na sitaacha kazi. Nilikuwa nije kwako mwenyewe, nikae chini, nikupe habari hii kwa adabu. Umenitangulia, si neno. Ila ujue nilikuwa nije kukupa habari. Ruhusa nilikwisha kuiomba, na niliiomba kwa magoti, kwa anayestahili kuombwa."

Alikigeuza kile kikofia chake mara kadhaa. Ni mtu mgumu, lakini si mtu mbaya. Wakati wa msiba ndiye aliyelala sakafuni kwangu ili nisiogope.

"Mimi sitakuja," alisema mwisho.

"Kiti chako kitakuwepo. Mbele."

"Kitakaa kitupu."

"Kikae. Wakiniuliza cha nani, nitawaambia ni cha shemeji yangu, na kwamba tunapendana, na kwamba ana kichwa kama jiwe la mpaka."

Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Akavaa kofia. "Ndugu yangu aliniambia zamani," alisema. "Aliniambia, 'Mke wangu ni mpole, lakini usimsukume.' Nilidhani anajisifu." Akamwambia binti yangu kwamba atamngoja chini, akatoka.

Tukabaki mama na mtoto. Alikwenda dirishani, akagusa lile gauni la mama mkwe, akalipindua pindo kuangalia mishono kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo.

"Nikija," alisema, bado amenipa mgongo, "nitamwita nani?"

Swali lile ndilo lililokuwa likimsumbua wiki nzima. Mengine yote yalikuwa maganda tu.

"Mwite Fundi. Sote tunamwita hivyo, na anaitika vizuri."

"Watu watataka nimwite baba."

"Baba unaye mmoja. Hakuna aliyeomba nafasi yake, na angeiomba ningemfukuza mimi."

"Siahidi kumpenda, Mama."

"Sijakuomba umpende. Nimekuomba uje."

Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu lakini yalikuwa yananiangalia, na hilo lilinitosha. "Nitakuja nikitoka zamu. Nitakuja na sare. Sina muda wa kubadilisha."

"Njoo na sare. Nitaipiga pasi mimi mwenyewe."

Akanikumbatia basi, yeye kwanza, akanibana mpaka pini zilizokuwa kifuani kwangu zikatuchoma wote wawili. Hatukuachana kwa sababu hiyo. Halafu akajifuta, akashuka kumfuata baba yake mkubwa.

Nilivua kidoleni subana yangu ya kushonea, nikaiweka juu ya cherehani. Nikashuka.

Fundi alikuwa jukwaani peke yake, amekaa kwenye ngazi ya kupandia taa, mikono juu ya magoti. Bisibisi ilikuwa kando yake lakini hakuwa anafanya kazi. Viti vyote vya ukumbi vilikuwa vitupu vinamtazama.

"Mzee amepita," alisema. "Hakuniaga. Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba hawakukubali. Wala siwalaumu. Nilimwambia mtu mzima aingie kama watu." Alitikisa kichwa. "Nimekaa hapa najiuliza ni mjinga gani angeweza kuharibu vile, na nimekosa mwingine. Ukitaka nitaomba kwenda kufanya kazi kwingine, ili usipate tabu ya kuniona."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mzee hakukubali, kweli. Binti yangu bado hajaamua moyoni, lakini atakuja. Umesema habari za wote. Mimi hujaniuliza nimesemaje."

Alisimama taratibu, kama anaogopa mbao zisije zikalia. "Umesemaje?"

"Nimewaambia naolewa. Halafu nikakumbuka nimewaambia wao kabla yako, na hiyo si adabu. Ndiyo maana nimeshuka."

Uso wake ulianza kufanya mambo ambayo sijawahi kuona uso wa mwigizaji yeyote ukiyafanya, na nimewaona wengi. Akajipangusa viganja kwenye suruali, upande huu na upande huu, akaninyooshea mkono. Nikampa wangu. Mkono wake una sugu ngumu chini ya kila kidole, na ulikuwa na joto. Tulikuwa hatujawahi kushikana mikono isipokuwa kwa kupokezana vitu.

Waigizaji walikuwa wameanza kurudi, wanapita mlango wa pembeni na vikombe vyao. Mmoja akatuona, akasimama, mwenzake akamgonga mgongoni. Mimi nina haya, kila mtu mle ndani analijua hilo. Nikasimama palepale.

Juu, mwongozaji alianza kupiga makofi kuita watu kazini.

"Anatuita," Fundi alisema.

"Namsikia," nilimjibu, na sikuuachia mkono wake.